Kikombe cha dawa ya ngozi

Leo mudomo wangu mwenyewe umenitia haya. Mimi, papa niliyefundisha nusu ya mutaa wetu wa Mangobo kushona viatu (shule niliacha mwaka wa tatu, na sijutii).

Munajua, tangu vita ifunge njia ya Goma, ile chumvi ya kromu ya kutengenezea ngozi haifike tena. Bon. Nikarudilia maganda ya miti, kama babu yangu. Unachemsha siku mbili, maji inakuwa nyekundu, ngozi inakunywa, inakaza, haiozi tena.

Asubuhi Mama Béa akakuja kuchukua mufuko wa ngozi aliyoagiza, wa kuwekea samaki ya kukauka. Ni mujane, anauza samaki ya wavuvi Wagenia. Kila siku anapita kunisalimia. Mwengine anayepita hakuna. (Watoto wangu wako Goma. Simu haipite.)

Akanusa mufuko.

"Papa, hii dawa yako haitaua watu wanaokula samaki yangu?"

"Ile ya kromu, labda. Hii ni muti tu. Hata kuikunywa, mutu anaikunywa."

"Basi kunywa."

"Sasa hivi?"

"Ao unaogopa?"

Mimi, kuogopa? Nikachota kikombe kizima ndani ya pipa, nikamaliza bila kupumua.

Mudomo ukakaza. Ulimi ukashikamana na juu. Mashavu ikaingia ndani. Ile dawa haichague ngozi, wapendwa.

Ni saa ile Mama Béa akaangalia chini.

"Papa, mufuko ni wa safari. Mutoto wangu ananiita niende kwake Banalia, anasema vita itafika huku. Motard ananingojea pale na pikipiki. Lakini ukiniambia nibaki, nitabaki."

Mwaka muzima nilingojea lile neno. Nikafungua mudomo: "Mmmb." Mate nyekundu ikashuka mpaka kwenye shati. Ningemushika tu mukono. Lakini mutu mukubwa kama mimi, kutoka mate mbele ya mwanamuke? Nikamupa mugongo, nijipanguse kwanza.

"Bon," akasema nyuma yangu. "Nimeelewa, papa."

Nilipogeuka, pikipiki ilikuwa imeshakata kona naye.

Ulimi umerudi saa sita. Namba yake sina. Mutu anayepita kila siku, namba ya nini?

Kama kuko mwenye kushika barabara ya Banalia, amuambie nilikuwa nasema abaki. Ninyi wengine, muchekee kwenu.