Judo ya Wakili Freitas

Jumatatu, 4 Machi
Mvua. Mji wote wa Hilo, hapa Hawaii, umelowa, nami pia. Nimeshindwa tena na Noreen Hamasaki, wakili wa kampuni ya bima. Mara ya tatu. Hakunicheka hata. Alinishikia mlango! Karani wa mahakama kaniambia Noreen anacheza judo tangu utotoni. Kumbe! Siri ni hiyo. Jioni nimejiandikisha. Mwalimu ni Bi Tsukiyama, miaka sabini na minne. Kanibwaga kabla sijamaliza kufunga mkanda. Akasema nasukuma mno. Mpinzani akija kwa nguvu, nimwachie njia, nguvu yake itamwangusha mwenyewe. Nimeandika hayo ukutani ofisini.

Jumatano, 6 Machi
Kesi ya Anti Filomena Ragudo ni Jumatatu, dhidi ya Noreen tena. Mshona mashada ya maua. Aliteleza kwenye maji ya samaki katika duka la vyakula, nyonga ikavunjika. Sasa hawezi kukaa hata nusu saa. Anashona amesimama, ameegemea jokofu. Nimemweleza mpango wangu wa judo. Kauliza kama judo inajua sakafu ilikuwa mbichi. Nikasema ni jambo la kina zaidi. Akataka kunieleza siku yake ilivyo, toka asubuhi. Sikuwa na muda. Nilikuwa na mazoezi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeanguka mara thelathini na moja. Mkono wa kushoto haupandi. Bi Tsukiyama anasema kuanguka ndiyo somo la kwanza. Nikamjibu hilo nililihitimu mahakamani. Hakuna aliyecheka. Noreen alikuwepo, mkanda mweusi, anafagia mikeka. Akaniinamia kwa heshima. Nami nikainama. Kuinuka ilikuwa kazi nyingine.

Jumatatu, 11 Machi
Kesi imeanza. Kanuni ya kwanza: mwachie njia. Noreen akaja na picha ya Anti harusini kwa mpwa wake, baada ya ajali, amesimama, anatabasamu. Mzima wa afya! Jaji akauliza kama nina pingamizi. Nikatabasamu, laini kama mwanzi. Akauliza kama naumwa. Anti akanichoma na mkongojo chini ya meza.
“Delbert, mwanangu, umelala?”
Nikamnong'oneza kuwa ni mbinu.
“Mbinu gani hiyo ya kufa macho wazi?”

Jumanne, 12 Machi
Kanuni ya pili: mvuruge mizani. Nilimhoji meneja wa duka huku nikienda kushoto, kulia, kushoto, ili asijue swali linatokea wapi. Mgongo ukakaza ghafla. Nikaangukia ukuta wa jopo, wale raia wanaoamua kesi. Mjumbe namba nne, mama mwenye miwani, kanidaka. Jaji akaahirisha. Noreen akaniletea barafu. Fedheha! Barafu yenyewe ilikuwa nzuri sana.

Jumatano, 13 Machi
Zamu ya Anti. Maswali arobaini nilikuwa nimeyaandaa. Mgongo ukaruhusu moja. Nikamuuliza siku yake ikoje, nikakaa.
Kasema dakika ishirini. Namna anavyovaa soksi kwa fimbo ya ufagio. Namna wateja wanavyomwambia, pole Anti, kumbe bado upo. Namna alivyoacha kwenda kanisani kwa sababu ya mabenchi. Sikuwa nayajua hayo. Miaka miwili ni mteja wangu.
Noreen akainuka na picha yake. Si kweli kwamba alisimama harusini?
“Nilisimama, mwanangu. Picha tu. Hebu tazama kiunoni.”
Jopo zima likainama mbele. Mikono miwili ya mpwa wake, imemshika kwa nyuma, vidole vimezama kwenye gauni. Noreen akairudisha picha kwenye faili. Akasema hana swali jingine.

Alhamisi, 14 Machi
Tumeshinda! Anti atapanda ndege kwenda Honolulu, nyonga ikatengenezwe upya. Alilia. Nami nililia, alikuwa amenikumbatia pale pale mgongo unapouma. Nje ya ukumbi Noreen akanipa mkono.
“Jana ulikaa kimya ukamwachia mama aseme. Hiyo ndiyo judo yenyewe, Delbert.”
Nikamshukuru. Mjanja yule. Anataka nilegee! Ushindi ulitokana na yale mazoezi ya kushoto-kulia, kila mtu aliyaona.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeacha judo. Ni laini mno kwa mtu wa kipaji changu. Nimejiunga na mapigano ya fimbo, kwa mzee mmoja Mfilipino huko Keaukaha. Aprili nina kesi ya Bwana Nakoa, aliyegongwa na kigari cha uwanja wa gofu. Safari hii nimejiandaa kikamilifu: maswali themanini, na mapigo ya fimbo ya kuendana na kila moja. Bado tu sijampigia simu kumuuliza ni mguu upi uliovunjika.