Chale Nane za Ziada

Alhamisi, 6 Juni 1776

Nimeduwaa! Gazeti la mji wetu wa Lewes litachapa mbio, yaani pointi, za kila mcheza kriketi, jina kwa jina. Zamani walichapa jumla ya timu tu, na mtu aliweza kujificha ndani ya jumla. Nimeishi humo miaka minne! Nahodha ameapa kwamba atakayeshika mkia ataachwa mechi dhidi ya timu ya Kent. Shemeji yangu Jethro, fundi magurudumu, kaniuliza dukani, mbele ya mikate yangu, kama sifuri hula wino mwingi. Mke wangu akacheka. Mke wangu mwenyewe!

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata mbio moja. Mzee Tickner, mhesabu wetu, hajui kuandika; kwa kila mbio hukata chale kijitini. Leo kila mchezaji alikuwa na kijiti chake, chenye alama ya kazi yake mwishoni. Wenzangu walipokwenda kula, nikabaki na vijiti. Na kisu. Nikaona duara lenye msalaba: mkate, kama ninavyouchanja kabla ya kuuoka! Kijiti hicho kilikuwa na chale tano tayari. Kumbe mzee ananipenda! Nikaongeza nane, upesi upesi. Nimejikata kidole. Si kitu. Leo nitalala usingizi wa pono.

Jumatatu, 10 Juni

Mungu wangu! Gazeti limetoka: Jethro kumi na tatu. Mimi moja. MOJA! Sikuamini macho yangu, nikampa mke wangu asome, naye akasoma kwa sauti, duka limejaa wateja. Nikamkimbilia Mzee Tickner. Ati lile duara ni gurudumu. Ati mimi alinichorea kitu bapa, maana mikate yangu haijawahi kuumuka tangu anijue! Chale ikishakatwa haifutiki. Jethro hazikumbuki hizo mbio nane, lakini hajazikataa. Mke wangu anakitazama kidole changu na kusema njia ya mwongo ni fupi.

Jumatano, 12 Juni

Nimeachwa. Kent nitakwenda kubeba pipa la bia, na Jethro ananiita Shemeji Moja. Haya. Nimejifunza: visu ni mambo ya kishamba. Mhesabu wa Kent anatumia karatasi na kalamu ya risasi, na mwokaji gani asiyejua kwamba risasi hufutwa kwa mkate? Nitazifuta mbio za Jethro zote, asibaki na hata moja. Nimeoka mkate maalumu wa kazi hiyo. Haukuumuka, na ni mgumu kama tofali. Karatasi itavumilia.