Shikamoo Kutoka Kisimani

Leo nimeaibika nikiwa futi thelathini chini ya ardhi, mahali ambapo mtu hudhani aibu haiwezi kumfikia. Imenifikia. Ilishuka kwa kamba.

Nianze mwanzo. Mnajua nina kisima hapa nyumbani Morotonga. Wiki iliyopita maji yalianza kunuka kama soksi. Bibi afya akapita, akachungulia, akasema, "Baba, hiki kisafishwe, ringi za zege za ukutani zikaguliwe kama zina nyufa, kitiwe dawa, halafu kiwekewe mfuniko. Bati bovu si mfuniko." Nikamjibu kwamba bati si bovu, limetoboka tu. (Matundu manne. Nilirudia kuhesabu, yakawa sita.)

Sasa kwa nini nimesafisha leo? Kwa sababu leo mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tarime, mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu, kumwona mjukuu wa wiki tatu. Na kwa wale wasiotujua Wakurya: mimi na mama mkwe hatukutani hivihivi. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, na tukionana njiani mmoja wetu anaingia kichakani. Ndiyo heshima. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mwepesi. Basi lake linafika saa saba. Saa sita mimi nimeshatokomea mjini Mugumu. Yeye anakuta mjukuu, chai, maji safi na sifa za mkwe. Mkwe mwenyewe hayupo. Hapo ndipo mkwe huwa bora.

Saa moja asubuhi akaja Marwa, fundi wa visima. Akataja bei yake, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tukachekeana hivyo nusu saa nzima. Mwisho akasema, "Sawa bosi. Kwa bei hiyo mimi nashika kamba. Wewe ndiye unaingia."

Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo. (Nilijiona nimemshinda. Nionee huruma.)

"Na chai je?" akauliza.

"Chai kila mtu kwake."

Akawasha mshumaa, akauweka kwenye ndoo, akaushusha mpaka chini kuona kama kuna hewa. Haukuzimika. "Hewa ipo," akasema. Nikamwambia aushushe tena. Hewa ikawepo mara ya pili. Nikavua suruali isichafuke, nikaitundika kwenye nguzo ya kisima, nikabaki na bukta niliyonunua mnadani, mbili kwa bei ya moja. Mchana huu ndipo nilipoelewa kwa nini zilikuwa mbili.

Marwa akanishusha. Tukapandisha maji ndoo baada ya ndoo, kisha tope, mpaka chini likabaki la kifundo cha mguu tu. Nikakuta kijiko, kandambili moja na kikombe ambacho mke wangu Bhoke alimsingizia dada yangu kwamba amekiiba. Nikakagua ringi. Ziko kumi na moja, na ya tatu kutoka juu ina ufa. Chini ya ringi ya mwisho ni mwamba uliochimbwa kwa upana, na pembeni yake chemchemi ndogo inatoa maji meupe kabisa. Nikaona raha. Kazi yangu, kisima changu, mikono yangu!

Kama saa nne hivi sauti ya Marwa ikashuka. "Bosi, nakwenda kunywa chai."

"Nitoe kwanza!"

"Kukutoa peke yangu na hilo tumbo ni kazi ya saa nzima. Nitakuja na mtu wa kusaidia. Dakika kumi."

"Marwa!"

"Kila mtu kwake, bosi."

Akaenda. Kamba nene akaiacha inaning'inia, imefungwa kwenye nguzo. Nikajaribu kupanda mwenyewe. Nilipanda ringi moja. Nikashuka ringi moja, kwa kasi zaidi.

Zikapita dakika ishirini. Ndipo nikasikia, "Hodi!"

Sauti ya mwanamke. Nikadhani ni jirani yetu, Mama Ghati. Nikafungua mdomo niite, ikaja nyingine: "Hodi! Bhoke! Bhoke mwanangu!"

Mdomo nikaufunga kwa mkono.

Saa za basi nilizipigia hesabu mara mbili. Ambacho sikukipigia hesabu ni wafanyabiashara wa ng'ombe waliompa lifti alfajiri. Na Bhoke alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe, mmoja juu na mmoja chini.

Nikamsikia anazunguka uwanjani. "Hata nguo hawaanui," akasema. Akaianua suruali yangu, akaikung'uta, akaikunja, akaipeleka ndani. Mama mchapakazi sana.

Kisha hatua zikaja kisimani.

Nikajibanza pembeni kwenye mwamba, nikajifanya jiwe. Ndoo ikashuka, ikanigonga bega, ikatua kwenye tope. Hapo akili yangu ikafanya hesabu ya ajabu: ndoo ikipanda tupu, huyu mama atarudi Tarime kuwaambia watu kwamba binti yake ameolewa penye kisima kikavu. Kwa hiyo nikaivuta ndoo polepole, nikaikinga kwenye chemchemi, nikaijaza kwa viganja, nikaisogeza katikati. Ikapanda.

Nikasikia mtu anakunywa.

"Maji matamu haya," akasema.

Miaka sita ya ndoa, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza kupata kwake. Niliipokea nikiwa peku kwenye tope.

Akarudisha ndoo. Nikajaza. Ya tatu, nikajaza. Nilianza kunogewa, na hapo ndipo nilipoharibu. Ya nne niliidaka hewani kabla haijafika chini.

"Mh," akasema juu.

Akavuta. Mimi kwa woga nikashikilia. Akavuta tena kwa nguvu. Nikashikilia kwa nguvu. (Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mara mbili.)

Akaachia kamba, akaita, "Tata!", yaani alimwita baba yake, ambaye ni marehemu. "Njooni jamani! Kisimani kuna kitu kinavuta ndoo!"

Mama Ghati akafika mbio, pamoja na waendesha bodaboda wawili waliokuwa barabarani wakisubiri abiria. Vichwa vinne vikajaa kwenye mdomo wa kisima, nikajibanza zaidi.

"Ni kenge huyo," akasema bodaboda wa kwanza.

"Kenge anavuta kamba?" akauliza mwenzake.

"Na ndoo alikuwa ananijazia," akasema mama mkwe. "Ndoo tatu!"

Vichwa vitatu vikamgeukia.

"Mama, umeyanywa?" Mama Ghati akauliza kwa sauti ya msibani.

"Nimeyanywa."

"Uwii!"

"Leteni jiwe," akasema bodaboda wa pili. "Lile la pale, kubwa."

Nikasikia jiwe linabiringishwa. Nikapima heshima na jiwe. Jiwe lilikuwa zito zaidi. Lakini mtu anaanzaje? Huwezi kumpigia mama mkwe kelele. Huwezi kumtajia jina lako kana kwamba mko rika moja. Nikasimama wima kwenye tope, nikaweka mikono nyuma kwa adabu, nikasema:

"Shikamoo, mama."

Jiwe likasimama.

"Marahaba," akaitikia. Mazoea tu. Kisha akaitambua sauti. Yowe alilopiga, ringi ya tatu sasa nadhani ina nyufa mbili.

Kumbe kumtoa mtu kisimani ni rahisi kuliko kukubaliana nani amtoe. Mama Ghati na wale wawili wakavuta, nikafika nusu, nikagoma. "Mama, ongeza mkono!" Mama Ghati akamwita.

"Nimvute mkwe wangu mimi? Haiwezekani!"

"Basi mvute ukiwa umempa mgongo!"

Akakubali. Akaipitisha kamba begani, akageukia shamba la mahindi, akaenda nayo kama ng'ombe wa plau. Huyo mama ana nguvu! Nilipaa. Nilipaa kiasi kwamba bukta ilikwama kwenye ncha ya nondo ya ringi ya juu, mimi nikaendelea na safari, yenyewe ikabaki.

Mama Ghati akapiga kelele. Bodaboda wakakaa chini kwa kucheka. Mama mkwe, bila kugeuka hata kidogo, akafungua kitenge cha juu, akakirusha nyuma. "Mpeni hicho ajifunike!"

Kwa hiyo hapo nimevaa kitenge cha mama mkwe. Wakurya wenzangu hamhitaji maelezo. Wengine, eleweni tu kwamba jiwe lingekuwa nafuu.

Ndipo Marwa akatokea peke yake, kijiti cha meno mdomoni. Akanitazama juu mpaka chini. "Bosi, umetoka mwenyewe? Safi sana."

Bhoke aliporudi akakuta mama yuko jikoni, mimi niko nyuma ya migomba. Akawa mjumbe wetu.

"Mama anasema kisima kiwekewe mfuniko wa zege leo leo, kabla hakijaingia kitu kingine."

"Mwambie nimesikia. Na maji asinywe tena mpaka kitiwe dawa. Tumchemshie."

Akaenda, akarudi. "Anasema ameshakunywa na yuko salama. Anasema mwanaume aliyesimama topeni kumjazia mkwe ndoo si mbaya sana."

Moyo wangu ukapanda kama ndoo.

"Kwa hiyo amefurahi, atakaa mwezi mzima kumlea mjukuu. Ila baada ya leo hamwezi kulala boma moja. Na yeye hawezi kulala nje, ni mgeni."

Nikaelewa nani si mgeni.

Nimejipa moyo kwamba mwezi ni siku thelathini tu. Nimehesabu tena: huu una thelathini na moja. Mwenye godoro la ziada aniandikie. Kucheka ruhusa, ila cheka ukiwa njiani unalileta.