Sekunde Tisa Kivukoni

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka ofisi ya jiji! Bahasha ya kaki, muhuri umepigwa upande. Mtu aliyefanya kazi posta miaka thelathini na moja hawezi kuona muhuri wa upande akatulia. Si bure mtaa mzima unaniita Bwana Muhuri. Lakini nimesamehe, kwa sababu ya yaliyomo. Jiji linataka kusikia sauti ya wazee! Ijumaa Mhandisi wao atakuja kwenye kivuko cha barabara kilicho mbele ya jengo letu, atazame wazee wanavyovuka. Kisha tutachagua msemaji wa wazee wa mtaa, atakayekuwa na kiti katika vikao vya jiji. Kiti! Chenye mikono, bila shaka.

Nimemsomea mke wangu. Akauliza kama nitawaambia habari ya taa. Taa ya kijani hapo kivukoni haimtoshi. Akifika katikati inageuka nyekundu, na goti lake halijui kukimbia. Tangu Oktoba hajavuka kwenda kwa dada yake. Wanapungiana mikono tu, huyu kwenye roshani, yule dirishani ng'ambo ya barabara. Nikamwambia taa itafuata, kwanza cheo. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpinzani. Mkunga mstaafu, anayekaa chini yetu. Mpole, maneno machache, na hapo ndipo penye hatari. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Nusu ya vijana wa mtaa huu walipita mikononi mwake, na mama zao ndio wapiga kura. Mikononi mwangu zilipita barua zao tu.

Nimemkuta ngazini akimuuliza kila mzee anashindwa na nini. Anaandika kwenye daftari. Huyu hana pa kuketi akingoja basi, yule anaogopa ukingo wa barabara ulivyo juu. Orodha ya malalamiko! Nani atamchagua mtu anayewakumbusha watu uzee wao? Mimi nitawaonyesha nguvu.

Nimeisoma barua upya. Inasema tuvuke kama tunavyovuka siku zote. Barua za ofisi nazijua. Huo ni mtego.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Kutoka mlango wa jikoni hadi kabati la vyombo, kwenda na kurudi, mara ishirini. Nimevaa raba alizoacha mkwe wetu, nyekundu, kubwa kidogo, nimejaza gazeti mbele. Mara ya kumi na mbili Mkunga akagonga dari yake kwa ufagio. Hujuma!

Mke wangu aliuliza tena kama nimeandika habari ya taa. Nilikuwa nahema, sikuweza kujibu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu! Wazee watano tulijitokeza kupimwa. Mke wangu hakushuka. Alisema watu wengi vile wanamtia aibu, atatazama kutoka roshani.

Mhandisi ni binti mwenye miwani na kizibao cha njano. Mkononi ana saa ya kupimia mbio. Saa ya mbio! Nilijua tu. Akatuamkia sote shikamoo, halafu akamwona Mkunga, akamkumbatia. Kumbe naye alizaliwa mikononi mwake! Upendeleo wa wazi. Nimeuandika hapa uwe ushahidi.

Taa ya kijani inakaa sekunde kumi na mbili. Fundi cherehani wa zamani alitumia kumi na tisa. Wajane wawili ndugu wa jengo letu, ishirini na ishirini na moja. Mkunga akavuka kama mtu anayetafuta sindano. Nyekundu ikamkuta katikati, magari yakampigia honi, akafika kwa ishirini na tatu. Nilimhurumia, ila kwa mbali.

Zamu yangu. Nikatoka mkuku. Sekunde tisa! Muuza magazeti akapiga makofi. Mhandisi akaniuliza umri, nikasema sabini na moja. Akaandika, akakuna kichwa. Nilimwona amevutiwa.

Nikageuka kumpungia mke wangu roshani. Alikuwa ameshaingia ndani.

Jumatatu, 10 Machi

Tangazo limebandikwa chini, pembeni mwa masanduku ya barua. Muhuri umenyooka. Yaliyomo hayakunyooka hata kidogo. Kanuni ya jiji inasema muda wa taa utaongezwa iwapo wazee wote watano waliopimwa watashindwa kuvuka kwa wakati. Wanne walishindwa. Mmoja alifika huku sekunde tatu zimebaki. Kwa hiyo taa itabaki ilivyo.

Fundi cherehani alinipita ngazini bila salamu. Wale wajane walinisalimu, na ilikuwa mbaya zaidi.

Mke wangu hakugomba. Laiti angegomba! Alitoka roshani akamtafuta dada yake dirishani, akatikisa kichwa polepole ili aelewe. Dada mtu akaweka kiganja kwenye kioo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kikombe changu. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika: niliona haya. Haya kubwa, ya kutaka ardhi ipasuke.

Jumanne, 11 Machi

Haya haijengi. Mpango ndio unaojenga. Nimepiga simu ofisi ya jiji kudai upimaji mpya. Karani akasema Mkunga ameshaomba tangu jana, na Mhandisi atakuja Alhamisi. Ila anatakiwa mzee ambaye hajapimwa, ashike nafasi yangu kati ya wale watano. Mpya kabisa.

Ninaye! Ndugu yangu pacha, aliyefika leo kutoka shamba, mgonjwa wa nyonga. Sina ndugu pacha. Hilo ni jambo la kulishughulikia tu. Nimeazima mkongojo, kofia ya pama na miwani myeusi. Nimefanya mazoezi ya kuchechemea kutoka kabatini hadi jikoni. Sekunde arobaini!

Mke wangu alininyooshea kofia. Akauliza huyo pacha atakula hapa au atakwenda hotelini.

Alhamisi, 13 Machi

Nilishuka nikichechemea kwa ustadi. Nikajitambulisha kwa sauti nzito. Mhandisi akaniamkia kwa heshima zote, akanipa pole ya safari, kisha akatazama chini. Akasema kwa upole kwamba raba hizo anazikumbuka.

Raba! Kofia, miwani, mkongojo, sauti, vyote nilivifikiria. Miguuni sikuangalia. Fundi cherehani alicheka hadi akashika nguzo. Mkunga hakucheka. Alikwenda ndani.

Akatoka amemshika mkono mke wangu. Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusi. Sikujua walikuwa wameongea. Alimwambia Mhandisi, bila kuniangalia, kwamba yeye hajapimwa na hana pacha.

Taa ikawa kijani. Akaanza. Hatua, goti, hatua, goti. Nilihesabu moyoni. Katika kumi na mbili alikuwa hajafika nusu. Nyekundu. Lori likapiga honi, teksi nyuma yake ikajibu. Nikajua atarudi, maana Oktoba alirudi, akalia jikoni akidhani simsikii.

Hakurudi. Aliinua mkono wake, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, akaendelea kwa mwendo wake uleule. Lori likangoja. Teksi ikangoja. Barabara nzima ilimngoja mke wangu! Ng'ambo dada yake alikuwa ameshuka na kandambili za ndani, amenyoosha mikono yote miwili.

Sekunde thelathini na moja. Mhandisi akavua miwani akaifuta. Hakuna aliyepiga makofi. Wale wawili walikuwa wameshikana tu. Mimi nilibaki huku na mkongojo wa kuazima, nikatamani kuvuka nao. Sikuthubutu.

Jumamosi, 22 Machi

Taa imewekwa sekunde thelathini na tano. Uchaguzi umefanyika leo ukumbini. Mkunga, kura arobaini na moja. Bwana Muhuri, kura moja. Nilimshukuru mke wangu kwa kunipigia. Akasema hakunipigia. Ndipo nikakumbuka kwamba ile moja niliipiga mwenyewe.

Sasa anavuka kila asubuhi, anarudi adhuhuri akiwa bado anacheka mambo yao. Chai nakunywa peke yangu. Leo nilimweleza kwamba, ukichunguza vizuri, bila mbio zangu kusingekuwa na upimaji wa pili, kwa hiyo taa nimeileta mimi. Akaniomba nimpitishie sukari.

Alhamisi, 27 Machi

Barua nyingine! Jiji linabadilisha vibao vya namba za mabasi. Jumatatu wazee watasimama kituoni waseme ni umbali gani namba zinaanza kuwapotea, ili maandishi yakuzwe. Msemaji wetu ameandika jina langu juu kabisa ya orodha. Nilidhani ni heshima. Kumbe mke wangu amemwambia mimi ndiye mwenye macho mabovu kuliko wote jengoni! Mimi!

Mke wangu ameniomba niwaambie kwamba wiki iliyopita nilipanda basi lisilo langu nikaishia kwenye machinjio. Nikamjibu kwamba siku ile nilikuwa natalii.

Mchana nimepita kwenye karakana ya mchora vibao. Viko kumi na moja, vimepangwa vikikauka. Nimesogea hadi pua ikagusa rangi, nikavinakili vyote kwa mpangilio wake. Jioni hii nimekariri tisa. Jumatatu nitavisoma bila miwani, kutoka hatua mia moja, na huyo binti wa jiji ataandika mwenyewe kwamba wazee wa mtaa huu hawahitaji herufi kubwa.