Malalamiko Kuhusu Uzio Usioanguka

Kwa Shemeji, mume wa dada yangu na jirani wa mpakani,

YAH: OMBI LA KULEGEZEWA NGUZO MOJA TU

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa bega langu la kulia, ambalo nitalifikia kwenye lalamiko la tano.

Leo inatimia wiki ya saba hatujakaa pamoja, ingawa nikikohoa kwangu mbwa wako anabweka. Nimetafuta chanzo nikakipata: ni huo uzio wako mpya wa nguzo za chuma. Shemeji, uzio ule ni imara kupita kiasi. Unajua mimi na wewe hatukuzoea kutembeleana bila sababu, na sababu yetu umeisimika kwenye mwamba. Nimenyamaza nikijiambia mvumilivu hula mbivu, lakini naona yangu imegoma kuiva. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uzio wetu wa zamani wa vijiti ulikuwa na adabu. Ulianguka kila baada ya mvua, na kiangazi ulianguka mbuzi akijikuna tu. Ukianguka, wewe ulikuja na sururu, mimi na mtalimbo, tukachimba. Kwa kuwa ardhi yetu ni mwamba uliopakwa udongo, kama mkate uliopakwa siagi na mchoyo, shimo la kina cha kiganja lilitumalizia siku nzima. Dada alileta chai, mke wangu akaleta viazi, nasi tukakaa ukingoni tukilitazama lile shimo kama madaktari wanaomtazama mgonjwa aliyekataa dawa. Miaka kumi na moja tumeifanya kazi hiyo bila kuimaliza. Ni kazi gani nyingine iliyotutunza hivyo?

2. Fundi wako hakuniuliza neno. Alikuja na mashine ya kutoboa mwamba, akatoboa matundu themanini na manne kwa siku nne. Mimi ninayeitwa Bwana Sikio kwa sababu hugonga jiwe na kusikiliza lilipo laini (sijawahi kupata mahali hapo, lakini husikiliza), nilisimama pembeni tayari kwa ushauri. Nilimwonya kwamba hapo chini kuna mwamba. Akanijibu, "Ndiyo raha yake, mzee. Mwamba ukishaishika nguzo hauiachii tena." Miaka kumi na moja nimeutukana ule mwamba, kumbe ulikuwa upande wetu! Kuniita mzee nako nakuhesabia wewe, maana ndiwe uliyemleta.

3. Mbuzi wangu wamekonda. Sisemi kwamba walikuwa wakila mahindi yako, maana barua huweza kusomwa na watu wengine. Nasema tu kwamba walikuwa na desturi ya kutembea jioni, na kila walipotembea walirudi wameshiba.

4. Umetunyima ugomvi. Zamani mbuzi wakivuka, ulinijia na hasira zako mpaka sebuleni, ukakaa kwenye kiti changu, ukanisema saa nzima, ukanywa chai, ukaondoka umesahau kofia. Kesho yake nikakuletea kofia, tukaanza upya pale tulipoachia. Sasa mke wangu ameniuliza mara mbili kama nimekukosea. Nimeshindwa kumjibu, kwa kuwa uzio umeninyima hata nafasi ya kukukosea.

5. Jumamosi iliyopita, kwa nia njema kabisa, nilijaribu kuusaidia uzio kuanguka. Nilichagua nguzo ya kona, ile iliyoegemezwa chuma cha mshazari, nikaisukuma kwa bega. Haikujua kama niko. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikaikimbilia. Wapwa zangu walikuwa wamekaa juu ya tenki la maji, na yule mdogo, ambaye sitaki kujua amefunzwa na nani, akapaza sauti: "Mjomba, jaribu na kichwa!" Waya zote zilivuma kama zeze, nguzo ikabaki, bega likahama. Muuguzi wa zahanati aliponiuliza nimeangukiwa na nini, nilimjibu kweli tupu: hakuna kilichoanguka, na hilo ndilo tatizo.

Kwa hiyo naomba nguzo moja, yoyote utakayopenda, ilegezwe kila mwaka mvua zikianza. Ukiona nguzo moja ni nyingi, ilegezwe waya. Hilo likishindikana, napendekeza uzio wote ung'olewe, matundu yazibwe, na turudishiwe vijiti vyetu jinsi vilivyokuwa, yaani chini. Ukikataa na hilo, nitalifikisha suala hili kwa dada yangu, ambaye unajua hukumu yake haina rufaa.

Msalimie huyo huyo dada, uwasalimie wapwa zangu wote, hata yule wa kichwa, na mbwa umwambie kikohozi kimepungua.

Nikitumaini utalitazama ombi hili kwa jicho la undugu, nabaki,

Shemeji yako mtiifu, upande wa pili wa waya.

Nyongeza: Barua hii imechelewa siku tatu kwa sababu nilikuwa nashika nguzo, kwa mkono wa kushoto. Kelele unazozisikia tangu Jumatatu zinatoka kwangu. Yule fundi wako yuko hapa. Ng'ombe wa yule jirani wa juu wameingia kwenye maharage yangu mara nne mwezi huu, na mtu yule hata kugombana hajui, anaomba radhi tu. Nguzo arobaini zimeshasimama, nzuri ajabu, hutikisi hata moja. Ila kwenye kona ya juu mashine imekutana na jiwe lililoivunja ncha mbili. Fundi alitaka tulipite, tuweke kapu la waya lililojazwa mawe, nguzo ikae humo. Nimemkataza kabisa. Anasema kulivunja kwa mkono ni kazi ya watu wawili, siku tatu. Mimi nyumbani nimeaga wiki mbili. Nawe njoo na sururu, na dada umwambie hivyo hivyo.