Bomoa Banda la Fundi Cherehani

Kwako Bwana Mipango Miji,

Aibu haikushiki? Mtu mzima, umepewa kiti cha kuzunguka, na mtaa umekushinda! Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya, nyamaza. Wewe umekosea mji mzima na bado unalipwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mji unakua kama kucha za mtu mvivu. Mwenye mabati matatu anajenga. Akipata la nne, anasogea njiani. Huko mbele mashamba yamekwisha, huku nyuma tumebanana hadi jirani akipiga chafya, anayejifuta ni mimi.

2. Jirani mwenyewe ni fundi cherehani. Alitoa kibaraza, kibaraza kikazaa banda. Sasa mlango wake ukifunguka, wangu haufunguki. Tunapokezana kutoka nje kama watu wenye koti moja.

3. Mke wa mwanangu mimba yake imetimia. Gari la wagonjwa linaishia kwenye mashine ya kusaga, haliingii. Juzi baba wa kinyozi wa mtaani kwetu alibebwa juu ya mlango wa choo, na nyumba nzima ikabaki kujisitiri kwa shuka. Mlango wangu umeliwa na mchwa, na mkwe wangu amejaliwa mwili. Nimbebe juu ya nini?

4. Kwa hiyo bomoa. Anza na fundi, malizia na yeyote atakayenuna. Usinitajie ramani, ramani haizalishi.

Msalimie mkeo, wanao, na yule karani wako aliyenizuia mlangoni kwa sababu ya ndala. Mwambie ndala hazijambo.

Ni mimi,
Bibi wa mlango wa kijani

Tena: Kabla sijafunga bahasha, mkwe amenieleza kibao chenu cha HIFADHI YA BARABARA. Mimi miaka yote najua hifadhi ni mahali pa kuhifadhi vitu. Nikahifadhi kuni, nikahifadhi kuku, mvua ilipokuja nikaezeka. Kumbe iliyohifadhiwa ni barabara yenyewe, na jiko langu limejikalia katikati yake kama bibi harusi! Kibao kimo humo humo ndani, nakitundikia miiko. Fundi hajavuka mpaka wake; kilichovuka ni mdomo wangu. Mkwe amecheka mpaka akashika kiuno, na tangu hapo hajakiachia. Barua hii anakuletea fundi mwenyewe, mbio. Mpe maji. Wewe acha kusoma, leta nyundo, na gari la wagonjwa lifuate nyuma.