Kliniki Anayokwenda Mtoto wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, amepita kutuonyesha picha. Hakuna aliyemwomba. Mwanawe yuko ndani ya kliniki mpya: bembea nne, bwawa la mipira, taa zinazobadilika rangi. Eti siku hizi mtoto ametulia sana. Nikalazimisha tabasamu, nikasema hongera. Taya bado linaniuma.

Binti yetu, miaka mitano, anapiga kelele akivalishwa soksi. Lebo ya shati inamchoma. Blenda ikiwashwa, yuko chini ya meza. Na shule inafunguliwa tarehe 31! Mwalimu mkuu ameshasema asiyeweza kuvaa sare atasubiri mwaka ujao. Mke wangu analia akidhani simwoni. Tunahitaji tiba haraka.

Mimi nahitaji bembea nne.

Jumatano, 5 Machi
Mtaalamu wa tiba ya kazi amekuja kumpima mtoto. Nikamuuliza mtoto wa miaka mitano ana kazi gani. Akajibu kwamba kuvaa, kuoga, kula na kucheza ndiyo kazi yake. Baada ya kukaa naye sakafuni saa nzima akatueleza: tiba inaweza kufanyika kliniki, shuleni au nyumbani. Yeye angeshauri nyumbani, maana tabu za binti yetu ziko hapa hapa, kwenye soksi, beseni na kitana. Mke wangu akakubali papo hapo.

Nyumbani! Kwenye sebule yenye kochi moja! Nimtumie shemeji picha ya nini, beseni? Nikasema mimi ndiye baba mtu, nitafikiria. Nimeshafikiria. Kliniki.

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki imejaa mpaka Juni. Karani wa mapokezi hacheki na mtu. Nikamwambia mimi na shemeji ni damu moja. Akauliza damu ya wapi. Nikamsifia kucha. Akasema kuna watu nyuma yangu. Nikapiga magoti, nikisingizia nimedondosha kalamu. Akachoka. Ametupa nafasi ya majaribio Jumanne, kuna mzazi ameahirisha. Kisha masharti: tusijipake manukato, maana harufu kali huwavuruga watoto. Sawa, sawa. Nimepata!

Nikampigia shemeji kumpasha habari. Akasema vizuri sana, ila wao wana nafasi ya asubuhi, kukiwa kimya. Mtu huyu!

Jumanne, 11 Machi
Aibu tupu. Nilijipulizia manukato. Ningemsalimu vipi shemeji nikinukia sabuni ya kufulia? Kidogo tu. Kisha kidogo tena mlangoni. Tulipoingia, watoto wawili wakaangua kilio, wa tatu akapiga chafya bila kupumzika. Binti yangu akaziona zile taa, akazisikia zile kelele, akajibanza chini ya benchi, mikono masikioni. Nikapanda bembea mwenyewe nimwonyeshe ilivyo tamu. Ukutani pameandikwa mwisho kilo arobaini. Kilichofuata sikiandiki.

Mwana wa shemeji, ambaye kipindi chake cha asubuhi kilikuwa kimechelewa, akatambaa chini ya benchi na kumpa binti yangu mto. Hata kwa upole wametushinda!

Njia nzima mke wangu alitazama dirishani. Bora angenitukana. Tulipofika akampigia simu Mtaalamu: nyumbani, kuanzia kesho.

Ijumaa, 21 Machi
Mtaalamu hana taa wala bembea. Humviringisha binti kwenye blanketi kama mkeka, humkandamiza taratibu kwa mto, ndipo zije soksi. Soksi huzigeuza, mshono ukae nje. Leo binti kavaa zote mbili. Mwenyewe! Nilitoka uani nikalia.

Niliporudi alikuwa amemkumbatia Mtaalamu. Mimi baba yake nikapungiwa mkono. Nimeumia.

Jumatatu, 31 Machi
Amevaa sare! Yote! Ameingia getini bila kugeuka nyuma. Mke wangu amenishika mkono, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ya bembea. Moyo wangu mweupe. Nimeapa: wivu basi.

Alhamisi, 3 Aprili
Shemeji kamwona binti na sare yake. Akakiri mbele ya mke wangu kwamba sisi tulichagua vizuri kuliko wao, akaomba namba ya Mtaalamu. Nilifurahi kwa dakika kama ishirini hivi. Kisha akasema Mtaalamu atakwenda kwao mara nne kwa wiki. Nne! Kwetu ni tatu!

Halafu nikakumbuka: nafasi yake ya asubuhi kliniki itabaki wazi.

Nimeaga kwamba naenda dukani. Sasa niko mapokezi. Karani amenionya kwamba mtoto hatibiwi sehemu mbili, kwa hiyo Mtaalamu wa nyumbani itabidi aachwe. Nikasema lete fomu. Fomu inauliza mtoto ana matatizo gani kwa sasa. Nimefikiria sana, sijaona hata moja. Basi nimejaza yangu: hatulii, haambiliki, na akimwona mjomba wake anapanda joto.